Saa za Mzee Waya

Heri ugonjwa unaokulaza kitandani moja kwa moja kuliko ule unaokuja, ukakuzaba kofi, ukaondoka kabla daktari hajavaa viatu. Mtandao wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa na vifo ulikuwa na ugonjwa wa namna hiyo, na hii ilikuwa wiki ya tatu. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, makarani wanabofya kama kawaida, halafu ghafla kila kitu kinaganda. Baada ya dakika moja hivi kompyuta zinaamka, isipokuwa printa ya dirisha la tatu, ambayo ikishazira inaweza kukaa robo saa haitaki kusemeshwa. Na dirisha la tatu ndilo linalotoa vyeti, sasa utafanyaje?

Karani wa dirisha hilo foleni ilikwisha kumbatiza: Bi Kesho. Hakulipenda jina lenyewe, lakini kama siku nzima unatoa "njoo kesho" nyingi kuliko vyeti, watu wakuite nani? Jumatatu hiyo, saa nne na dakika kumi, alikuwa akimhudumia mwanamke aliyekuja na watoto wake mapacha wa miaka sita. Cheti cha kwanza kilitoka, karatasi ikiwa bado na joto. Bi Kesho akabofya cha pili. Kompyuta ikaganda.

"Cha pili?" aliuliza mama wa mapacha.

"Mtandao umekata, mama. Njoo kesho."

"Kesho ipi tena? Nilikuja Jumanne, nikaja Alhamisi, nikaja Ijumaa. Leo nimedamka saa tisa usiku, nimewavalisha hawa wakiwa wamelala."

"Dada yangu, mimi ni karani tu."

Mwanamke akatazama cheti kimoja mkononi, kisha akatazama watoto wawili. "Kwa hiyo huyu kazaliwa, mwenzake bado?"

Foleni iliangua kicheko. Yeye hakucheka. Shule iliyokuwa imekubali kuwapokea ilikuwa inafunga kuandikisha Ijumaa, na mwalimu alishamwambia hapokei mtoto bila cheti, hata awe na pacha wake mkononi.

Injinia alishuka ngazi akirukaruka, laptopu kifuani. Injinia ni jina walilompa ofisini, nusu heshima, nusu kejeli; alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, fundi pekee wa mtandao katika jengo zima, akiwa katika mwezi wa sita na wa mwisho wa majaribio ya kazi. Alipochomeka waya na kufungua laptopu, kompyuta za madirisha zilikuwa zimeshaamka. Baada ya dakika kumi na mbili printa nayo ikakohoa na kuanza kutoa karatasi. Lakini mama wa mapacha alikuwa ameshaondoka kukimbilia gari la kurudi kwao.

"Umefanya nini?" Bi Kesho aliuliza.

"Sijafanya chochote."

"Basi endelea kutofanya, maana imekubali," alisema Bi Kesho, na foleni ikacheka tena.

Injinia akatoa daftari mfukoni, akaandika: Jumatatu, saa nne na kumi.

* * *

Si kwamba hakujua kazi. Wanaosema hivyo wangoje kwanza. Jengo lilikuwa na swichi kumi na moja, yaani visanduku vya chuma vyenye matundu, ambamo nyaya za kompyuta zote huingia na kukutana. Visanduku hivyo viliunganishwa kwa mzunguko ili njia moja ikikatika ibaki nyingine. Ila mzunguko una hatari yake: ujumbe unaweza kuzunguka humo bila kikomo mpaka njia zote zikajaa. Ndiyo maana swichi zimefundishwa adabu: huchagua mkubwa mmoja, mwenye nambari ndogo kuliko zote, na kwa kumfuata yeye nyingine hufunga mlango mmoja hapa na mmoja pale. Akitokea mwenye nambari ndogo zaidi, wote husimama na kuanza kupanga upya nani afunge mlango upi. Wakati wanapanga, hakuna kinachopita.

Kumbukumbu za mitambo zilimwambia Injinia kwamba hicho ndicho kinachotokea. Mara nne, mara tano kwa siku, mkubwa mgeni alitokea asikojulikana, akashika usukani, kisha akatoweka. Anwani yake haikuwa kwenye orodha yoyote. Injinia alifuata waya kwa waya, ghorofa kwa ghorofa, na kila akikaribia, mgeni anazima, kama nyenje ukutani anayenyamaza ukinyanyua kiatu. Alibadilisha kebo, akabadilisha printa, akalala kifudifudi chini ya meza za watu akihesabu matundu huku wenye meza wakimruka.

Alasiri Mkurugenzi alimwita. Hakumwambia akae. Alikuwa akinywa chai, na Injinia alisimama pale akimtazama mpaka chai ikaisha.

"Majaribio yako yanaisha lini?"

"Ijumaa, mkurugenzi."

"Ijumaa asubuhi nakutana na wafanyakazi wote. Nitakuwa na barua mbili mezani. Moja inakuthibitisha kazini, nyingine inakushukuru kwa muda wako. Utachagua mwenyewe." Akafuta mdomo. "Na leo ubandike tangazo mlangoni, kwamba tatizo ni la kiufundi. Chini uweke namba yako ya simu, wananchi wakuulize wewe badala ya kuniuliza mimi."

"Namba yangu mwenyewe?"

"Kwani mtandao ni wa nani?" Kisha, kama mtu anayeongeza sukari, "Mwulize basi baba yako. Si ndiye aliyekuleta?"

Baba yake hakumleta. Alifanya mtihani na watu arobaini, akaongoza. Lakini baba yake alikuwa mle mle ndani, chumba cha chini kabisa, masjala, akitunza vitabu vya zamani vya vizazi, na jambo hilo lilitosha kwa midomo ya watu. Walimwita Mzee Waya. Miaka ishirini na mbili iliyopita ndiye aliyevuta waya wa kwanza wa jengo hilo, na kwa miaka mingi akawa fundi mkuu. Ulipokuja mfumo mpya walimwambia vyeti vyake vya shule havitoshi, wakamshusha masjala. Alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu. Tangu siku ya kwanza binti aliapa moyoni kwamba hakuna atakayemwona akimpendelea baba yake kwa lolote, hata kwa msumari.

* * *

Nyumbani, simu ililia mara saba kabla hawajamaliza kula.

"Wewe ndiye mwenye mtandao?" sauti ya mwanamume ilifoka. "Baba yangu kafa mara moja tu, lakini cheti chake nimekifuatilia mara tano!"

"Samahani, mzee wangu. Tunashughulikia."

"Mnashughulikia matumbo yenu!"

Mama, ambaye alikuwa akishona sare za shule kwenye cherehani yake pembeni mwa meza, alisimamisha mguu. "Izime hiyo simu, mwanangu."

"Nikiizima watasema nimejificha."

Mzee Waya alikuwa akila polepole. Alikuwa mtu mwembamba, msafi wa kola, mwenye kawaida zake. Akitoka chumbani anazima taa. Akimaliza kupiga pasi anachomoa. Friji ya mkewe ilishapona kifo mara tatu kwa sababu yake. "Umeme si maji ya mvua," ndiyo iliyokuwa sala yake. Alikuwa akimtazama binti yake kwa chati tangu alipoketi.

"Hizo swichi," alisema hatimaye, "umeshaangalia mkubwa wao ni nani?"

Laiti angalijibu! Angesema tu, "Baba, kuna mgeni anajifanya mkubwa, anwani yake ni hii," mambo yangeishia pale pale juu ya sahani. Lakini alikuwa amechoka, amesimamishwa mbele ya chai ya mtu, na maneno ya Mkurugenzi bado yalikuwa yanamwasha. Mwulize baba yako.

"Baba, mambo ya siku hizi ni mengine. Hayafanani na ya kwenu."

Mama aliinua macho. Mzee Waya alitafuna, akameza.

"Sawa, Injinia," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo nyumbani.

Alinawa mikono, akaenda kulala mapema. Binti alibaki akikwangua sahani tupu kwa kijiko, mpaka mama yake akaja akaiondoa mbele yake.

* * *

Jumanne kukawa na tukio mara tano. Jumatano, hakuna hata moja. Siku nzima mtandao ulitulia kama mtoto aliyeshiba, na Bi Kesho akatoa vyeti mia moja na sitini, akawa anaimba. Injinia alirudi nyumbani mapema, hajui kama afurahi au aogope zaidi. Ukipona usichokitibu, utajuaje kama kimekwenda?

Baba yake alikuwa amelala chumbani. Jumatano ni siku yake ya kliniki ya macho, huwekewa dawa na kuambiwa asitazame mwanga. Mama alikuwa na sare kumi na mbili za kumaliza. Injinia akaliweka daftari mezani, akaenda kuoga.

Aliporudi, cherehani ilikuwa kimya. Mama alikuwa ameshika daftari.

"Hii nini?"

"Saa ambazo mtandao unakatika. Wiki tatu nzima."

Mama alisoma kwa kidole, midomo ikitembea. "Saa nne na kumi. Saa nne na kumi na mbili. Saa sita kasoro robo. Saa nane kamili. Saa tisa na nusu." Akafungua ukurasa mwingine. "Jumatano hakuna. Jumatano hakuna. Jumatano hakuna." Akalifunga. Akalifungua tena.

"Mama, vipi?"

"Mbona hizi ni saa za baba yako?"

"Saa gani za baba?"

"Saa nne na kumi amemaliza chai, anakaa kazini. Saa sita kasoro robo ananipigia simu: nimeshazima, nakwenda kula. Saa nane amerudi. Saa tisa na nusu: nimeshazima, nakuja." Sauti yake ilikuwa inashuka kila neno. "Miaka thelathini na mbili nimeishi na saa hizi. Mimi nilidhani anazima taa."

Injinia alikaa kitini na taulo kichwani. Masjala. Kwenye ramani ya nyaya aliyokabidhiwa, masjala ilikuwa chumba kitupu, bila tundu moja linalofanya kazi. Hakuwahi kushuka kule kutafuta, kwa sababu ramani ilisema hakuna kitu. Na kwa sababu nyingine aliyokuwa akiijua vizuri zaidi.

Mama naye sasa alishafahamu alichokuwa amekisema. Alishika mkono wa binti yake.

"Usiende."

"Mama—"

"Sikiliza. Wiki tatu tu. Mwache amalize, apewe mkono, apigwe picha, aje nyumbani na jina lake. Ana nini kingine? Mtu aliyejenga kitu kwa mikono yake, umwambie leo kwamba ndiye anayekibomoa?"

"Mimi sina wiki tatu. Nina kesho tu."

"Kazi utapata nyingine."

"Na wale wa foleni, mama? Kuna mwanamke ana mapacha. Mmoja ana cheti, mwingine hana."

Mama alirudi kwenye cherehani, akaanza kushona, akakosea, akafumua. Kutoka chumbani wakamsikia mzee akikohoa, na wote wawili wakatazamana kama wezi.

* * *

Alhamisi saa tatu na nusu Injinia alishuka masjala. Ngazi zilikuwa nyembamba, na kadiri unavyoteremka, ndivyo kelele za foleni zinavyofifia, mpaka chini kabisa unasikia pumzi zako tu na harufu ya karatasi kuukuu. Baba yake alikuwa mezani, miwani puani, kitabu kikubwa kama mlango kimefunguliwa mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kwa kazi au kwa salamu?"

"Kwa kazi."

Mzee akavua miwani. Injinia hakuwa na haja ya kuuliza. Nyuma ya rafu ya vitabu, juu ya kiti, palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa kisafi cha mkono. Akakifunua. Ilikuwa swichi ya zamani, nzito, ya rangi ya majivu, na pembeni mwake maandishi ya kalamu yaliyofifia, mwandiko wa baba yake: YA KWANZA. Nyaya mbili zilitoka humo zikaingia ukutani, na nyingine mbili zikaenda kwenye kompyuta mbili za masjala.

"Waya mbili za ukutani za nini, baba?"

"Ni zile nilizovuta mwenyewe zamani, bado zinafika kwenye swichi za juu. Moja ikikatika, nyingine ipo. Ndivyo fundi anavyofanya." Kisha akaongeza haraka, "Ni ya kugawanya tu. Niliitoa stoo wiki tatu zilizopita, walipotaka kuitupa. Nilifuta kila kitu kilichokuwa ndani."

"Haikufutika. Nambari uliyoipa ulipokuwa fundi mkuu ilikuwa ngapi?"

Mzee akayagusa yale maandishi ya kalamu. "Sifuri," alisema. "Ili iwe mkubwa daima."

"Bado ni sifuri. Ukiiwasha, swichi zote za jengo zinasimama, zinaitambua kuwa mkubwa. Na mfumo mpya umegawa vifaa kwa vikundi, kila kimoja na njia yake; vikundi hivyo, hata kile cha printa ya vyeti, yenyewe haivijui. Ujumbe wa printa ukipita hapa unapotea. Ukiizima, zote zinasimama tena."

"Lakini mimi sikai nayo muda mrefu! Naiwasha robo saa tu nikitaka kutafuta namba, baada ya chai, kabla ya kula, nikirudi, na kabla ya kutoka, nikimaliza nazima. Umeme si—" Akakatiza mwenyewe. "Haiwezekani. Hiki kisanduku?"

Injinia hakubishana. Alipiga simu juu, akamwomba Bi Kesho aache simu yake wazi juu ya kaunta, akaweka yake mezani, sauti kubwa. Masjala ikajaa foleni: watoto wanalia, mihuri inagonga, mtu anakohoa. Baba yake akaitazama simu. Miaka mitatu alikuwa akifanya kazi chini ya watu hao na hakuwahi kuwasikia.

"Washa," binti alisema.

Mzee akainama, akabonyeza ukutani. Taa za kijani zikawaka mojamoja. Kwa muda hakukutokea kitu. Kisha, kutoka kwenye simu, mlio mmoja mrefu wa watu wengi, ule mguno wa tumbo, kama gari lililojaa likikwama matopeni.

"Tena!" sauti ya mwanamume.

"Tulieni jamani, itarudi," Bi Kesho alisema. "Wewe mama wa mapacha, kaa pembeni kidogo."

"Sikai pembeni," ikajibu sauti ya mwanamke, karibu sana na simu. "Nikikaa pembeni mtaniambia kesho. Kesho ndiyo Ijumaa. Nitamwambia nini huyu mtoto, kwamba serikali haijamwona?"

Mtoto akasema kitu ambacho hawakukisikia vizuri. Mama yake akamjibu kwa upole, "Subiri, mwanangu, wanatafuta jina lako."

Mzee Waya alichomoa waya wa umeme. Hakubonyeza, alichomoa kwa mkono wote, na akabaki ameushika. Walisubiri. Baada ya dakika moja simu ikaleta mlio wa printa, na watu wakapiga vigelegele, na sauti ya mwanamke ikisema "Mungu wangu, Mungu wangu, hiki hapa."

Injinia akakata simu. Baba yake alikuwa amekaa juu ya kiti palipokuwa na swichi, swichi yenyewe mapajani.

"Kwa nini hukuniambia, baba? Kwamba umeweka hiki?"

"Nilikuambia." Akafungua mtoto wa meza, akatoa nakala tatu za fomu, kingo zimelingana. "Niliomba tundu la mtandao masjala. Mara tatu. Kompyuta mbili nimepewa, tundu sina. Watu wanatumwa kwangu kutafuta namba za zamani, nifanyeje, niwaambie njoo kesho?"

Injinia hakuhitaji kuzisoma. Fomu zenyewe zilikuwa kwenye meza yake, chini kabisa ya rundo, na kila zilipopanda juu alizirudisha chini kwa mkono wake mwenyewe. Wangesema nini? Injinia kaanza na baba yake.

"Ungeniambia nyumbani," alisema, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. "Tunakula meza moja, baba!"

"Kazi haiombwi mezani. Nisingeweza kukuomba mara ya nne, mwanangu. Mara ya nne ni kupiga magoti."

* * *

Ripoti aliiandika mchana huo, kurasa mbili. Wa kwanza ulieleza kifaa, nambari, nyaya na jinsi milango ilivyofungwa sasa ili mgeni mwingine asiweze kujifanya mkubwa. Wa pili ulieleza fomu tatu, tarehe zake, na jina la aliyeziweka chini ya rundo. Baba yake alizisoma zote akiwa amesimama.

"Huu wa kwanza ni sawa," alisema. "Huu wa pili utoe."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi nimebakiza wiki tatu, wewe miaka thelathini. Hesabu rahisi. Utoe."

"Baba, siwezi."

"Basi wewe si mtoto wa kusikia," alisema Mzee Waya, kwa hasira ya kweli, na akamrudishia karatasi bila kumtazama.

Injinia alizipeleka zote mbili. Mkurugenzi alisoma wa kwanza, uso ukamng'aa. Wiki tatu alikuwa akipigiwa simu na wakubwa zake, na sasa alikuwa na jibu. Alisoma wa pili nusu, akautenga na mwenzake.

"Huu sikuuona," alisema. "Na wewe hukuuandika. Nikionyesha huu, watauliza nani alikuwa anasimamia fomu, na anayemsimamia huyo ni nani. Unanielewa?" Akaufyatua kwa kidole ukateleza mezani mpaka kwa Injinia. "Nenda kalale. Umefaulu."

* * *

Ijumaa asubuhi wafanyakazi wote walikaa kwenye mabenchi ya foleni mbele ya madirisha, kabla milango haijafunguliwa. Mzee Waya alikuwa nyuma kabisa, karibu na ngazi za masjala, kola yake imenyooka. Mkurugenzi alikuwa na bahasha moja tu mkononi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alianza, na watu wakajua kuna mtu ataliwa. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, akirukaruka asiyoyafahamu. Akasema wiki tatu wananchi wameteseka kwa sababu ya kifaa chakavu kilichofichwa chini ya jengo na mtu asiyekubali kwamba wakati wake umepita. Hakutaja jina. Hakuhitaji; shingo zote ziligeuka nyuma. Mzee huyo, alisema, ataanza likizo yake ya mwisho leo hii, na kwa heshima ya umri wake hapatakuwa na hatua nyingine. Hata sherehe ya kumuaga, kwa hali hii, tuiache.

Bi Kesho alitazama sakafu. Mtu mmoja alitoa mguno, akaumeza.

"Lakini," Mkurugenzi akainua bahasha, "nataka mwone mfano. Binti huyu hakumwogopa hata baba yake mzazi. Alipogundua, hakuficha, aliandika. Vijana wa namna hii ndio tunaowataka. Injinia, karibu kazini rasmi. Mpigieni makofi!"

Makofi yakalia, mengine ya kweli, mengine ya kulinda ajira. Injinia alipokea bahasha. Kila kofi lilimwingia kama chapa. Angeweza kurudi mahali pake. Ilikuwa hatua nne tu. Angeketi, foleni ingefunguliwa, na mwisho wa mwezi angempelekea mama yake kitu. Makofi yakapungua, yakaisha. Akageuka kuelekea kwa watu, akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa koti.

"Kuna ukurasa wa pili," alisema.

"Injinia," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini, akiwa bado anatabasamu. "Kaa chini."

"'Tarehe tatu mwezi wa pili,'" alisoma, "'mtunza masjala aliomba—'"

Hapo nyuma, mtu akaanza kupiga makofi. Watu wakageuka. Alikuwa Mzee Waya peke yake, mikono imeinuliwa mbele ya kifua, anapiga kwa nguvu kama anayefukuza ndege shambani, ili lisisikike neno hata moja. Binti aliinua sauti, baba akazidisha. "Hongera, mwanangu!" alipaza sauti. "Hongera! Kaa sasa!" Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi alitazama mlango wa nje, ambako wananchi walikuwa wameanza kugonga kioo, akatazama saa yake.

Injinia aliacha kusoma. Lakini hakukaa. Alisimama pale, karatasi mkononi, macho kwa baba yake, akasubiri mikono ile ichoke.

Ilichukua muda mrefu. Ilipochoka, akaanza tena kutoka mstari wa kwanza.